Swali Lililokosa Nyumba

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mtoni, Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, au Mwananyamala na Tandale kwa upande wa Kinondoni, mtu hahitaji kusoma vitabu ili aitambue dini ya jirani yake. Alfajiri huamshwa na adhana hata kama yeye hasali msikitini. Jumapili husikia kwaya hata kama hajapata kuingia kanisani. Mwezi wa Ramadhani watoto wa Kikristo huletewa futari katika sahani iliyofunikwa kawa, na siku ya Krismasi sahani hiyo hiyo hurudi ikiwa na pilau. Msiba ukitokea, wote hukaa jamvini pamoja, na kila mmoja huinamisha kichwa kwa adabu wakati dua au sala ya mwenziwe inaposomwa.

Huu ni urithi mkubwa, na mara nyingi tumeusifu. Walakini kuna jambo moja ambalo urithi huu haukutufundisha vya kutosha. Umetufundisha kula pamoja na kuzikana; haukutufundisha kuulizana. Tumeishi kwa desturi ya kutoigusa imani ya mwenzetu hata kwa swali, kana kwamba swali ni mkono mchafu. Desturi hiyo ina busara yake, wala siibezi. Lakini swali lisiloulizwa halifi. Hubaki likizurura mitaani kama mtoto asiye na nyumba, na siku moja huokotwa na watu wasiojua kulilea.

Nakusudia kueleza katika insha hii kwamba utamaduni wetu umekwisha kulijengea swali hilo nyumba tangu zamani, nayo ni hadithi. Rai hii sikuifikia kwa kusoma. Niliifikia kwa kushindwa kazi yangu ya ualimu.

Mwezi wa Oktoba, 2012, huko Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya Kurani. Kwa mujibu wa habari zilizotangazwa wakati ule, mmoja alidai kuwa mtu akiikosea heshima Kurani atageuka nyoka. Mwenziwe hakusadiki, akataka kuona. Akafanya tendo la kukidhalilisha kitabu kile, na hakugeuka nyoka. Lakini habari zilienea, umati wenye hasira ukakusanyika, na kabla ya siku kwisha makanisa kadhaa ya Mbagala yalikuwa yameshambuliwa, mengine yakatiwa moto, na polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu.

Mambo yale yalizungumzwa sana. Wengine waliyaona kuwa mambo ya usalama, wengine siasa, wengine malezi mabovu. Hayo yote yana ukweli wake. Lakini mimi, nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya Temeke, nililazimika kuona kwamba pale mwanzoni kabisa, kabla ya umati na kabla ya moto, palikuwa na watoto wawili na swali. Nalo halikuwa swali la kipumbavu. Je, utakatifu wa kitu hukaa ndani ya kitu chenyewe kama joto ndani ya kaa la moto? Au kitu kitakatifu ni ishara tu ya Yule aliyekitakasa? Na je, yafaa mtu kumjaribu Mungu ili apate kumjua? Wenye hekima wameumiza vichwa juu ya maswali hayo kwa karne nyingi. Watoto wetu waliyakuta njiani wakitoka kucheza, wakayajibu kwa njia pekee waliyoijua, yaani kwa kubishana na kutiana changamoto.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya elimu ya dini na falsafa ya dini. Elimu ya dini humfundisha muumini yampasayo kuamini na kutenda. Falsafa ya dini huuliza maneno hayo yana maana gani: tunaposema kitu ni kitakatifu, tunasema nini? Ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wote, mateso ya wasio na hatia yatoka wapi? Mtu aweza kuwa mwaminifu kabisa katika dini yake na bado akayauliza maswali haya. Aghalabu huyauliza kwa sababu ni mwaminifu.

Wiki iliyofuata baada ya machafuko yale niliingia katika darasa la kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwa namna ambayo sijapata kuiona. Bila ya kuamriwa na mtu, madawati ya upande wa dirishani yalikuwa ya dini moja na ya upande wa mlangoni yalikuwa ya dini nyingine. Nilipokuwa nikifuta ubao, kijana mmoja alisimama.

“Samahani, Mwalimu,” alisema. “Nguvu ya Mungu imo ndani ya kitabu chenyewe, au kitabu kinatuonyesha tu mahali ilipo?”

Darasa zima lilinyamaza. Nami niliogopa. Niliogopa wazazi, niliogopa wakubwa wangu wa kazi, niliogopa maneno yangu yatakavyosimuliwa jioni huko majumbani. Nikamjibu, “Swali hilo kawaulizeni walimu wenu katika kipindi cha dini. Hapa tunasoma Kiswahili.”

Alikaa. Katika shule zetu, kipindi cha dini kikifika, darasa hugawanyika. Waislamu huenda chumba hiki na Wakristo chumba kile. Utaratibu huo ni wa haki, kwani kila mtoto anastahili kufundishwa dini yake na watu wa dini yake. Lakini nilipomwelekeza kijana yule huko, nilikuwa nimehakikisha kwamba swali lake litaulizwa mara mbili katika vyumba viwili, na kila jibu litasikiwa na wale tu waliokwisha kulikubali. Kwa wiki kadhaa hakuuliza tena jambo lolote katika kipindi changu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba huko Mtoni, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, na uani bomba moja la maji tulilochangia sote. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo, Mwislamu, mzaliwa wa Rufiji, ambaye sote tulimwita Bibi tu. Miongoni mwa wapangaji walikuwamo Waislamu na Wakristo, na mimi ni mmoja wa hao Wakristo. Katika siku zile hata uani kwetu palikuwa pametulia kupita kiasi. Kina mama wawili waliozoea kuazimana jiko la mkaa waliacha kuazimana. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na adabu tu, nayo ilikuwa adabu ya baridi.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Bibi alitandika mkeka uani, akawaita watoto wa nyumba nzima. Watoto walidhani atasema “Hadithi, hadithi!” nao wakajiandaa kuitikia kama ilivyo desturi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Lakini Bibi aliinua mkono akasema, “Leo si hadithi, wajukuu zangu. Leo ni kisa.”

Akawasimulia kisa cha Abraha, mtawala wa Yemeni, aliyeandamana na jeshi na tembo kwenda kuibomoa Al-Kaaba huko Makka. Askari wake walikamata ngamia wa Abdul Muttalib, babu wa Mtume Muhammad. Mzee yule alikwenda kwa Abraha kudai ngamia wake. Abraha akastaajabu: nimekuja kuibomoa nyumba yenu ya ibada, nawe unanisemesha habari za ngamia? Naye akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye ngamia, na nyumba ile ina Mwenyewe atakayeilinda. Kisha wakaja ndege wakiwa na mawe, na jeshi likaangamia.

Nilielewa mara moja kwa nini Bibi alikichagua kisa hicho katika siku zile. Alitaka kuwaambia watoto kwamba Mwenyezi Mungu hahitaji vijana wenye mawe mikononi ili alinde kilicho chake. Lakini mtoto mmoja wa Kikristo, wa miaka kama minane hivi, aliuliza jambo ambalo sisi watu wazima tusingethubutu kuliuliza.

“Bibi, na kanisa letu je? Mbona ndege hawakuja?”

Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti, alishtuka akataka kumkemea. Bibi alimzuia kwa mkono. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole, “Mjukuu wangu, sijui. Labda safari hii ndege tulikuwa sisi, na hatukuruka.”

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya swali la mateso na ukimya wa Mungu. Sijakuta jibu lililonikaa moyoni kuliko lile. Halikuwa jibu kamili, wala Bibi hakulitoa kama jibu kamili. Alianza kwa kukiri kwamba hajui. Lakini alilitoa swali mahali pa kuwalaumu wengine akalileta mahali pa kujihoji sisi wenyewe. Na aliweza kufanya hivyo kwa sababu kisa kilikuwa kimetupa ndege, tembo na nyumba, vitu ambavyo sote tuliokaa mkekani tuliweza kuvishika kwa pamoja.

Usiku ule nilitafakari pia tofauti aliyoiweka Bibi baina ya kisa na hadithi. Kisa, kwa matumizi ya wazee wa pwani, ni habari ya kweli, hasa ya mitume na watu wema. Anayekisimulia anasimama ndani ya imani yake, na msikilizaji wa dini nyingine hukaribishwa kama mgeni anayekaa barazani. Hadithi ni kitu kingine. Hadithi huanza kwa sisi sote kuukaribisha uongo kwa hiari yetu. Tukisema “uongo njoo” tumekubaliana kwamba hakuna atakayeshtakiwa kwa yatakayosemwa. Katika hadithi hakuna mwenyeji wala mgeni. Wote huingia kwa mlango mmoja na kwa itikio moja. Kwa hiyo kisa hulinda imani, na hadithi hulihifadhi swali. Jamii inahitaji vyote viwili, na kosa langu darasani lilikuwa kudhani kwamba kuna kimoja tu.

Baada ya hapo nilirudi kuzisoma upya kazi za waandishi wetu, nikaona kwamba wao walilijua jambo hili muda mrefu. Chukua *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Jina lenyewe la nchi ile limetokana na kusadiki, na nchi iko angani, mahali ambapo hakuna awezaye kusema ni kwao. Karama, anaposhtakiwa mbele ya mfalme, hajitetei kwa kutoa hoja kavu. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani na kufungwa waliporudi. Kwa nini masimulizi? Kwa sababu mtu anayesikiliza masimulizi huketi chini kidogo kuliko alivyoketi alipokuwa akitoa hukumu. Katika *Siku ya Watenzi Wote*, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, Shaaban Robert aliuleta mjadala wa dini katika Dar es Salaam yenyewe. Shujaa wake anaitwa Ayubu, na anatamani kuziona dini zikiungana. Jina la Ayubu si geni kwa Mwislamu wala kwa Mkristo. Mateso yake yamo katika vitabu vya dini zote mbili, na utenzi wa Ayubu ni miongoni mwa tenzi za kale za pwani. Mwandishi aliyemchagulia shujaa wake jina hilo alijua kwamba analifungua swali ambalo wasomaji wake wote wanalo tayari mioyoni.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipita njia nyingine. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa anatafuta mpaka anaona mkono wa binadamu. Msomaji mwenye haraka atasema kitabu kinaicheka imani ya wazee. Mimi nadhani kinauliza jambo la ndani zaidi: ni nani anayefaidika tunapouita uovu wa mtu kuwa kazi ya nguvu zisizoonekana?

Naye Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesomea seminari katika ujana wake na aliyefariki mwaka 2020, alikwenda mbali kuliko wote. Katika *Kichwamaji* cha 1974 alimwonyesha kijana msomi, Kazimoto, anayezongwa na swali la Mungu na la maana ya maisha mpaka anajiua. Katika vitabu vyake viwili vifupi, *Nagona* cha 1990 na *Mzingile* cha 1991, aliacha kabisa njia ya kuiga maisha ya kila siku. Msimulizi wa *Mzingile* anatumwa kumpelekea mzee mmoja habari za kifo cha mwanawe, na wahakiki wengi wamemwona mzee huyo kuwa mfano wa Mungu. Wanafunzi hulalamika kwamba vitabu hivyo ni vigumu. Ni kweli ni vigumu. Lakini fikiri, msomaji, jinsi swali lilivyogeuzwa: sisi tumezoea kungoja ujumbe kutoka kwa Mungu, na hapa binadamu ndiye anayebeba ujumbe wa huzuni kumpelekea Yeye.

Wala si sisi pekee tuliopita njia hii. Katika karne ya 12 mwanafalsafa Mwislamu wa Andalusia, Ibn Tufayl, alitunga kisa cha mtoto anayekua peke yake kisiwani, akalelewa na paa, ili aulize kama akili ya mtu pasipo mwalimu yaweza kumfikia Mungu. Katika karne ya 19 Mrusi Dostoevsky aliliweka swali la mateso ya watoto katika mazungumzo ya ndugu wawili ndani ya riwaya. Wote wawili wangeweza kuandika hoja tupu. Walichagua masimulizi kwa sababu hoja humtaka mtu akubali au akatae, ilhali masimulizi humtaka kwanza akae mahali pa mwingine.

Nikiwa na mawazo hayo nilirudi darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba kila mmoja atunge hadithi fupi isiyozidi kurasa mbili za daftari juu ya kitu kinachoheshimiwa na watu. Niliweka sharti moja: pasitajwe dini yoyote iliyopo mtaani kwetu. Kijana yule aliyeniuliza swali ndiye aliyeleta hadithi nitakayoisimulia hapa kwa ufupi na kwa maneno yangu.

Palikuwa na kijiji chenye mkwaju mkubwa. Watu waliamini kwamba atakayekata tawi lake atapofuka macho. Kila siku bikizee mmoja alikaa chini yake akasali. Siku moja alifika seremala mgeni, asiyejua mwiko wa mahali pale, akakata tawi kumchongea mkongojo mtoto kiwete. Hakupofuka. Kijiji kikagawanyika. Wengine walisema mkwaju umekwisha nguvu. Wengine walisema mkwaju ulijua nia njema ya seremala. Wengine walisema adhabu imecheleweshwa tu. Wakabishana siku saba. Usiku wa nane kila mtu, kwa siri na peke yake, alikwenda na panga kukata tawi moja tu ili ajue ukweli. Kulipokucha hapakuwa na mti. Bikizee alifika kama kawaida, akakaa juani kando ya kisiki, akasali. Watoto wakamuuliza, “Bibi, unamwomba nani, na mti haupo?” Akawajibu, “Mimi nilikuja hapa kwa ajili ya kivuli. Niliyekuwa nikizungumza naye hakuwa mti.”

Hadithi iliishia hapo. Niliuliza darasa nani alikuwa na haki katika kijiji kile, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba watu wa dirishani na watu wa mlangoni walianza kusemezana. Mmoja alisema kwamba madhali mti haukuwa na nguvu, hapakuwa na kosa kuukata. Msichana aliyekaa mbele alimpinga: “Lakini Bibi sasa anakaa juani.” Mwingine akadakia kwamba hilo ni swali jingine.

Naam, lilikuwa swali jingine, na hapo ndipo somo lilipozaliwa. Nilichora mstari ubaoni, nikaandika upande mmoja neno “nguvu” na upande wa pili neno “heshima”. Kuuliza kama mkwaju una nguvu ni swali moja. Kuuliza kama ninayo ruhusa ya kuukata ni swali la pili. Nani alisema kwamba jibu la la kwanza ndilo jibu la la pili? Mtu aweza asiamini kabisa kwamba mti una nguvu, na bado asiuguse, kwa sababu ya yule anayepata kivuli chini yake. Na mtu aweza kuamini kwa moyo wote kwamba mti una nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo asinyanyue panga kuutetea, kwa kuwa chenye nguvu hakihitaji panga lake. Hakuna aliyeitaja Mbagala. Hapakuwa na haja.

Kisha msichana yule wa mbele aliuliza swali lililonifanya nikae chini. “Mwalimu, mbona Nabii Ibrahimu aliyavunja masanamu ya watu wake? Naye alikuwa akijaribu.” Mwanafunzi wa Kikristo akakumbusha habari za Gideoni aliyeibomoa madhabahu ya Baali usiku, na baba yake aliyewaambia wenye hasira kwamba Baali akiwa ni mungu basi ajitetee mwenyewe. Wanafunzi walitazamana. Walikuwa wamegundua kwamba vitabu vyao viwili vinabeba swali moja, na kwamba swali hilo halikuwa jepesi hata huko.

Sikuwa na jibu. Aliyejibu alikuwa kijana mtunzi wa hadithi. “Nabii Ibrahimu alitiwa motoni yeye mwenyewe,” alisema. “Hakumtia motoni mtu mwingine.”

Sidai kwamba jibu hilo linafunga mjadala. Mwanachuoni atalikuta lina mapengo. Lakini lilitolewa na kijana wa kidato cha tatu mbele ya wenzake wa dini zote mbili, na hakuna aliyeondoka akiwa ametukanwa. Kengele ililia nasi tungali tunazungumza.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliposikia habari hizi alinionya. Alisema, “Utawapotezea watoto imani.” Onyo hilo silidharau. Hadithi si kitu kisicho na makali. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa muda, kwani wakubwa waliogopa athari zake. Na Kazimoto wa *Kichwamaji* ni ushahidi kwamba swali laweza kumwangamiza mtu. Lakini hebu tumtazame vizuri Kazimoto. Anayo maswali mengi, na hana mahali pa kuyatua miongoni mwa watu wake. Anayabeba peke yake. Pengine kilichomwangamiza si swali bali upweke wa swali. Nasi tukiwanyima vijana mahali pa kuuliza pamoja, hatuwaepushi na hatari hiyo. Tunawasukuma ndani yake.

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua uhuru wa kila mtu kuamini dini atakayo, na Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba nchi yetu haina dini bali watu wake ndio wenye dini. Maneno hayo yametulinda. Lakini uhuru wa kuamini ukiwa na maana tu ya kutogusana, utakuwa kama uzio baina ya viwanja viwili: unazuia ugomvi, hauleti ujirani. Hadithi ndiyo inayoweza kuwa mlango katika uzio huo.

Kwa walimu wenzangu nina mawaidha matatu, nami nimeyalipia. Kwanza, hadithi ya namna hii isitaje dini ya mtu yeyote aliyemo darasani. Mkwaju na seremala wanatosha. Pili, ulizeni habari za wahusika, msiulize habari za wanafunzi. “Je, bikizee alikuwa na haki?” ni swali la darasani. “Je, wewe unaamini?” ni swali la dhamiri, na mwalimu hana ruhusa ya kuingia humo. Tatu, msiogope hadithi kwisha bila jibu. Bibi wa Mtoni alianza kwa kusema “sijui”, na neno hilo halikumpunguzia heshima hata kidogo machoni pa watoto. Lilimwongezea.

Kwenu wanafunzi nina neno moja tu. Mnaweza kukutana siku yoyote na swali kama lile walilokutana nalo watoto wa Mbagala, tena mkiwa njiani na mbele ya rafiki anayewatia changamoto. Msilijibu kwa kitu cha mtu mwingine. Kaeni chini, mseme “hadithi njoo, uongo njoo,” mlijengee swali lenu kijiji, mti na watu, kisha mwiteni rafiki yenu aingie.

Sasa imepita zaidi ya miaka kumi. Sitasema kwamba kisa cha Bibi kiliiponya nyumba yetu, kwa maana mambo ya moyoni hayana tarehe. Naweza kusema niliyoyaona tu. Siku chache baada ya usiku ule, jioni, yule mama wa Kikristo aliyeshtuka kizingitini alivuka uani akiwa na jiko lake la mkaa lililokwisha koka, akaliweka mbele ya mlango wa jirani yake wa Kiislamu, akabisha hodi. Jirani alitoka, akalitazama jiko, akamtazama mwenziwe. Kisha akarudi ndani kuchukua sufuria.